Mkunga na Mtungi Wake

Mkunga alistaafu Ijumaa, na ilipofika Jumatatu mumewe alishaanza kutamani wamrudishe kazini. Si kwa ubaya. Mwanamke aliyekaa wodi ya wazazi miaka thelathini na mitatu, akipokea watoto na kuwafokea mama zao, huwezi kumweka sebuleni na kitambaa cha kufuma ukategemea atatulia. Wiki ya kwanza alipanga upya kabati la vyombo. Wiki ya pili akampanga upya mumewe: saa ya kuamka, saa ya kuoga, shati lipi livaliwe na lipi ligeuzwe dekio. Mume alikuwa karani mstaafu wa posta, mtu mpole aliyezoea kugonga mihuri na kunyamaza, kwa hiyo alivumilia. Wiki ya tatu mke akatangaza kwamba sasa amepata nafasi ya kutengeneza pombe ya asali kila wiki, badala ya mara mbili tatu kwa mwaka kama zamani. Karani akaweka kikombe chini taratibu.

"Kila wiki?"

"Kila wiki. Kwani kuna tatizo?"

"Hapana, mke wangu. Tatizo litoke wapi."

Pombe yenyewe Mkunga aliirithi kwa mama mkwe. Yule bibi alikuwa mtengenezaji hasa, si hawa wa kubahatisha. Alikuwa na mtungi mmoja wa udongo, mpana kiunoni, uliopikiwa pombe miaka nenda miaka rudi mpaka ukawa mweusi kwa ndani, na kila aliyeonja kilichotoka humo aliuliza kama kimebaki kingine. Binti yake wa pekee, yaani wifi yake Mkunga, alijua fika kwamba mtungi ule ni wake. Angepewa nani mwingine? Lakini mwaka ule binti alikuwa amemnunia mama yake kwa ajili ya mwanamume fulani ambaye hata hakumaliza mwaka, na bibi naye alikuwa na kisirani chake. Akamwita mke wa mwanawe, akamshika viganja, akavigeuza juu na chini. "Wewe mwanangu una mikono safi," akasema. "Chukua." Miezi minne baadaye akafariki dunia. Mtungi ukabaki kwa Mkunga, na wifi akabaki na donge kooni ambalo mpaka leo, miaka thelathini na moja, halijashuka.

Sasa, mikono safi ya mkunga si mikono safi yako wewe na mimi. Mama mkwe alikuwa akisuuza mtungi kwa maji ya moto na kuuanika juani, basi. Mkunga aliona huo ni ushamba. Yeye aliusugua kwa brashi, kisha akaujaza dawa ya klorini, ile ile waliyokuwa wakioshea vitanda vya kujifungulia, akauacha na dawa yake mpaka kesho yake. Vijidudu havijui huyu ni mama mkwe wa nani, alisema, na yeye hajawahi kumpokea mtoto juu ya kitanda kichafu. Baada ya hapo alifuata kila kitu kama alivyofundishwa: maji ya uvuguvugu ndoo moja, asali mbichi kilo nne pamoja na masega yake, koroga kwa mwiko mrefu mpaka bega likuume, mimina chachu iliyohifadhiwa kwenye chupa tangu mara iliyopita, funika kwa kitambaa, sogeza karibu na jiko, subiri.

Kwenye kusubiri ndipo utaalamu wake ulipoingia. Alikuwa na kile kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, ambacho aliondoka nacho kazini bila kumuaga mtu. Asubuhi na jioni aliinama, akaegemeza kipembe kwenye tumbo la mtungi, akatega sikio, akafumba macho. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili, tss, tss, kama mtu anayeita paka. Siku ya nne mtungi unafoka povu na kugugumia, naye anaubembeleza: "Taratibu mama, usisukume bado." Siku ya sita ukianza kutulia anaupigapiga ubavuni. "Hongera. Umejitahidi." Karani akipita jikoni akamkuta katika hali hiyo alijifanya anatafuta miwani, hata kama ameivaa.

Ila kuonja, hapana. Hajawahi kutia tone mdomoni. Mkunga anayenuka pombe hazalishi mke wa mtu, na uchungu hauna ratiba. Mtu anaweza kuja kugonga mlango ukiwa na kijiko mkononi. Alipostaafu, mazoea yalikuwa yameshaota mizizi. Mwonjaji alikuwa mumewe. Siku ya saba, saa kumi jioni, karani alivaa shati safi, akaketi kwenye kiti cha jikoni, akapewa bilauri iliyojaa pomoni. Aliinywa yote, bila kupumzika, akitazama ukutani. Kisha alifuta mdomo akasema, "Hii ndiyo yenyewe." Mkunga akisikia hivyo alitembea jioni nzima kama aliyepewa cheo. Iliyobaki aliigawa mtaani kwa madumu. Nusu ya watu wa mtaa ule waliingia duniani kupitia mikononi mwake, na nusu nyingine wameoa au wameolewa na hao, kwa hiyo hakuna aliyewahi kukataa. Madumu yalirudi matupu, yameoshwa, na shukrani nyingi.

Ulipoanza huo mpango wa kila wiki, karani alijikaza wiki nne. Ya tano alirudi kutoka kwa daktari ameshika tumbo.

"Vidonda vya tumbo," akasema, anatazama viatu. "Kasema nisiguse tena pombe. Hata harufu yake."

Mkunga alishtuka kweli kweli. Hakubisha, maana utaalamu wake ulianzia kitovuni kwenda chini, ya juu aliwaachia wenyewe. Lakini kuuguza alijua. Kuanzia jioni ile karani alikula viazi vya kuchemsha, uji mwepesi na papai. Pilipili marufuku. Chai marufuku. Nyama ya kukaanga aliisikia kwa majirani, kwa pua. Akikohoa, anaongezewa uji. Miezi mitatu mfululizo, mpaka shingo ikawa inachezacheza ndani ya kola kama mwiko ndani ya sufuria, na yule mtu hakulalamika hata siku moja. Mkunga akawa anawasimulia watu jinsi mumewe alivyo mgonjwa mtiifu.

Mwonjaji mpya akawa fundi wa kuchomelea aliyekuwa na kibanda chake ng'ambo ya barabara, kijana wa makamo ambaye Mkunga alimzalishia mkewe watoto wote wanne. Huyu alikuwa na mtindo wake. Hakuonja pale pale. "Mama, nipe dumu zima, nikaonje kwa utulivu," alisema, na siku ya pili alirudi akitikisa kichwa kwa kustaajabu: "Mama, hii kitu ina nguvu. Nimeona kazi yake kwa macho yangu." Mkunga alitaka kujua zaidi, lakini fundi kila mara alikuwa na geti la mtu linamsubiri.

Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa Jumapili ile wifi alipoingia uani na ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Binti wa Mkunga na karani alikuwa anaolewa wiki mbili zijazo, wageni mia mbili, na jambo la vinywaji lilikuwa halijakaa sawa. Wifi alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni. Mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi, na ulimi uliozoea kuonja chakula cha wanafunzi mia sita kila siku na kujua nani jikoni kaiba mafuta. Hakukaa. Alitua ndoo juu ya meza ya jikoni.

"Nimekuja kwa heri, wifi yangu," akasema, na hapo hapo kila mtu akajua hakuja kwa heri. "Mtoto wa kaka yangu ndiye anaolewa, sitaki tuaibike. Pombe ya harusi nitatengeneza mimi."

"Ya harusi iko mtungini, wifi."

"Nani kaionja?"

Karani, aliyekuwa kwenye kona yake na bakuli la viazi, alizidi kuinama.

"Kaka haonji tena," wifi akaendelea. "Nawe hujawahi. Mimi sijawahi kuona. Mpishi anayepakua chungu hajui hata kama kimewekwa chumvi! Siku zote nimenyamaza, nikasema acha, mama alimpa mwenyewe. Lakini harusi siyo ya kunyamaziwa. Onja leo, mbele yetu. Yako na hii yangu ya ndoo. Ukisema yako bora, kwa mdomo wako, wallahi sitauliza tena habari za mtungi wa mama mpaka nakufa. Ukisema yangu, natoka nao hapa leo leo."

"Utaniamini nikisema?"

"Wewe?" Wifi aliguna. "Wewe uliyemwambia yule tajiri wa mbao kwamba mtoto wake amefanana na mpangaji? Nitakuamini."

Ilikuwa kweli, alimwambia, tena mbele ya mpangaji. Mkunga hakuwa na kipaji cha kusema uongo. Hata pole alizisema kama taarifa. Alisimama pale, kipembe kikiwa mfukoni mwa aproni, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu akaogopa. Tuseme ukweli, mtungi haukuwa mtungi tu. Tangu ile Ijumaa hakuna aliyegonga mlango wake. Wajawazito wa mtaa walikuwa na wakunga wapya, wenye simu za kisasa na raba nyeupe, wakimpita Mkunga barabarani wakasema shikamoo, basi. Kitu pekee kilichobaki ambacho bado kilimhitaji asubuhi na jioni kilikuwa kile chombo karibu na jiko. Akikosea hapa, atakuwa nani? Mama mmoja mstaafu anayechemsha viazi.

Wakati huo huo fundi wa kuchomelea akaingia kurudisha dumu, hana hili wala lile. Wifi akamdaka mkono. "Kaa hapo, uwe shahidi." Fundi akaona bilauri mbili mezani, akamwona karani, akageuka kuutazama mlango.

Mkunga alianza na ya wifi. Alifumba macho kama mtoto anayepewa dawa, akapiga funda moja. Akafumbua macho. Alipiga la pili bila kuambiwa. Kumbe ndivyo inavyokuwa! Asali ilikuwa bado asali, imepunguza utamu wake na kuongeza akili, halafu kooni kikaja kimwasho kidogo cha kumchekesha mtu. Alipata hasira ya ajabu. Miaka sitini na kitu yuko duniani na hakuna aliyemwambia.

Kisha akachukua bilauri yake mwenyewe.

Haikuchukua muda. Kabla hata hajameza alikuwa amerudi kazini: kitanda namba nne, ndoo ya dekio, sakafu mbichi, glavu zinaanikwa. Ilikuwa wodi. Ilikuwa wodi yote, na madirisha yake. Alimeza kwa sababu watu walikuwa wanamwangalia, na machozi yakamtoka, hayakuwa ya uchungu wa moyo, yalikuwa ya ukali tu.

"Ya wifi," akasema alipopata pumzi. "Ya wifi ni pombe. Hii yangu ni sakafu ya hospitali."

Walitegemea wifi apige vigelegele. Hakupiga. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi, akavuta kitambaa, akaingiza kichwa chote ndani mpaka sauti yake ikawa inatoka kama ya mtu aliye kisimani. Alipotoka uso ulikuwa umebadilika.

"Umeuosha na nini mtungi wa mama?"

"Klorini."

"Mara moja?"

"Kila mara, wifi."

"Miaka thelathini na moja!" Wifi alijishusha kwenye kiti, na kiti kikalalamika. "Udongo unakunywa, wewe mwanamke! Udongo unakunywa kila unachoutilia! Mama yangu alikuwa humu ndani. Nilikuwa nasema siku nikiupata nitatia pua tu, nimsikie. Nawe umemwosha mpaka kaisha." Akalia waziwazi, kwa kanga. "Siutaki. Kaa nao."

Kosa lilikuwa la Mkunga na lilikuwa kubwa, na asingeweza hata kumtupia mtu mwingine. Kwa hiyo alifanya anachofanya kila mke: akamgeukia mumewe.

"Na wewe?"

Karani aliweka uma chini.

"Bilauri nzima! Kila mara! 'Hii ndiyo yenyewe'! Ulimi wako ulikuwa wapi?"

"Mke wangu," karani alisema polepole, "mara ya kwanza mama alikuwa ametoka kufariki, na wewe ulikuwa unalia. Ningesemaje? Mara ya pili nilinyamaza kwa sababu nilinyamaza ile ya kwanza. Baada ya hapo sasa ningeanzia wapi? Ilikuwa mara tatu kwa mwaka. Nikasema nitaweza, mbona watu wanakunywa dawa za minyoo."

"Dawa za minyoo!"

"Lakini ulipoanza kila wiki..."

Wifi, aliyekuwa bado anafuta machozi, akasimamisha kanga hewani. Anamjua kaka yake tangu akiwa anaficha vipande vya sabuni ili asioge. "Kaka. Hivyo vidonda vya tumbo. Daktari gani kavisema?"

Karani alisogeza bakuli la viazi pembeni.

"Hakuna vidonda," akasema.

Mkunga alivuta kiti, akaketi. "Umekula viazi vya kuchemsha miezi mitatu."

"Ndiyo."

"Bila chumvi."

"Ndiyo."

"Kuliko uniambie tu kwamba pombe yangu mbaya."

"Viazi havikuwa vibaya sana," karani alisema. "Ukizoea."

Fundi wa kuchomelea aliona sasa ukweli ni wa bure na yeye akaamua kutua mzigo wake. "Mama, na mimi unisamehe. Mimi nilikuwa natumbukiza boliti za kutu. Usiku mmoja tu, zinatoka zinang'aa, hata kusugua husugui. Ndiyo maana nikakwambia ina nguvu. Ila sikuwa peke yangu, mama. Mwenye duka la kona anamwagia mchwa." Kisha akaongeza kwa nia njema kabisa: "Mchwa wamehama."

Aliyeanza kucheka alikuwa karani. Kilimtoka kicheko chembamba, cha mtu asiyekula nyama, akajaribu kukiziba kwa kiganja, kikapita kwenye vidole. Fundi akafuata, halafu wifi, na machozi yake bado mabichi, anapiga paja, anarudia "mchwa wamehama, mchwa wamehama." Jikoni nzima ikawa inacheka isipokuwa mwenye jiko. Mkunga aliinuka, akafungua mlango wa nyuma, akatoka.

Wifi alimkuta amekaa kwenye ngazi ya saruji, karibu na kamba ya nguo, kipembe mkononi anakizungushazungusha. Akajibana pembeni yake. Ngazi ilikuwa nyembamba na wifi hakuwa mwembamba, ikabidi mmoja akalie kanga ya mwenzake.

"Tumecheka vibaya," wifi akasema. "Nisamehe."

"Hamkucheka vibaya. Inachekesha." Mkunga akamgeukia. "Wifi, nikuulize jambo. Usinionee haya wala huruma."

"Mimi huruma sina, unanijua."

"Mtaa mzima umeninyamazia kwa ajili ya pombe. Mume wangu, majirani, wote, usoni wananisifu, nikigeuka wanamwagia mchwa. Sasa nimekaa hapa nawaza. Kazini je? Miaka thelathini na mitatu waliniambia mkunga hodari, mkunga mikono ya baraka. Labda nako walikuwa wananinyamazia. Labda nako nilikuwa hivi hivi."

Wifi aliangalia nguo kwenye kamba, shati la kaka yake lililomzidi mwenyewe.

"Mwanangu wa pili," akasema, "alitoka kitovu kimemzunguka shingoni mara mbili. Bluu, halii. Nilipofika wodini na kukuta wewe ndiye uko zamu, nilitaka kurudi nyumbani na uchungu wangu. Nilikuwa nakuchukia kwa ajili ya mtungi. Nilikuchukia sana, wifi, mpaka nikawa naota. Nikapiga kelele nikasema huyu ananiulia mtoto makusudi. Wewe ukaniambia nyamaza, kelele zako hazimsaidii. Ukamgeuza, ukafungua kile kitovu kama mtu anayefungua kamba ya kiatu, ukampuliza, ukampuliza tena, ukamchapa matako. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumlilia. Halafu nikamsikia."

Mkunga alikuwa ameacha kuzungusha kipembe.

"Jana kanipigia simu," wifi akaendelea. "Nusu saa nzima ananilalamikia bei ya matairi. Ana tumbo, ana mke mkorofi, ana watoto wawili hawana adabu hata kidogo. Nilikuwa namsikiliza nawaza, huyu mpumbavu yuko hai." Akamsukuma mwenzake kwa bega. "Pombe yako ni uchafu. Hiyo nyingine hakuna aliyekudanganya."

Mkunga alilia hapo. Alilia kwa sauti, kamasi na yote, mpaka jikoni wakaacha kucheka, na wifi hakumwambia anyamaze.